Kikombe cha Kushoto

"Ukizifungua tena hizi hedifoni, mama, mimi nahama humu ndani."

"Hama. Funguo uache mezani."

Binti hakuhama. Alizidi kuzibana hedifoni kifuani, na mama yake, bisibisi mkononi, akabaki upande wa pili wa meza akimtolea jicho ambalo kwa miaka mingi lilitosha kumfanya mtu yeyote wa nyumba hiyo arudishe kitu alikokitoa. Leo jicho halikufua dafu. Binti alishamaliza chuo cha mambo ya sauti, alishampita mama yake kwa kimo, na ugomvi wenyewe ulikuwa umeanzia kwenye chai, ukapita ukumbini, sasa umefika kwenye kile chumba kidogo kilichokuwa stoo, chenye magodoro ya zamani yaliyopigiliwa ukutani ili sauti isirukeruke.

Aliyeuwasha moto huo ni mtayarishaji wa michezo ya redio, naye hakuwepo. Alikuwa ametuma ujumbe asubuhi. Kipindi cha mwisho cha msimu, ambacho mama ndiye aliyechanganya sauti zake, alikuwa amekirudisha kwa mara ya pili. Mara ya kwanza aliandika kwa adabu kwamba sauti zimeegemea kushoto kidogo, kama dada ataweza kuziangalia. Safari hii adabu aliiweka kando. Mume kwenye mchezo anamfokea msikilizaji sikio la kushoto, mke ananong'ona kulia kama yuko nyumba ya jirani. Anakitaka kipindi saa tisa alasiri, kikiwa sawa. Kikija hivyo hivyo, msimu unaofuata atampa mtu mwingine.

Msimu unaofuata ndio ulikuwa unga, kodi na umeme wa nyumba hiyo. Baba wa nyumba alishashika njia yake zamani, na aliyebaki kuishikilia ni huyu mwenye bisibisi.

Watu wa kazi yake walimwita Masikio. Alilipata jina hilo redioni, alipoajiriwa akiwa na stashahada yake mpya, kwa sababu alikuwa akisimama nyuma ya mtangazaji na kumwambia kiti chako kinalia, saa yako inalia, na tumbo lako nalo linalia, nenda kale kwanza. Nyumbani jina likakolea. Binti alipokuwa mdogo alisadiki kwamba mama yake akiwa bafuni anaweza kusikia mfuniko wa kopo la sukari jikoni, na kweli alikuwa anausikia.

Sasa mtu huyo huyo anaambiwa hajui kulia wala kushoto.

"Tatizo ni hizo hedifoni," alisema, kwa mara ambayo hata yeye hakuihesabu. "Upande wa kushoto umekufa. Uliziangusha, ukanificha."

"Sikuziangusha. Na kushoto hakujafa, kunapiga kelele. Nimekwambia jana, nimekwambia leo."

"Masikio yako yameharibiwa na miziki ya kwenye sherehe."

"Haya, yangu yameharibika. Ya mtayarishaji je?"

Masikio akanyoosha mkono juu ya meza. "Lete."

Hedifoni zenyewe hazikuwa za bei kubwa, na hilo lilikuwa fahari yake. Siku alipokwenda kuzinunua, muuza duka alimletea kwanza zile zinazong'aa, akamvisha mwenyewe, akamwambia asikie besi hiyo, kifua kitatetemeka. Masikio akamjibu kwamba kifua chake kimeshatetemeshwa na mengi, yeye anatafuta hedifoni zinazosema kweli. Alikuwa na rekodi yake kwenye simu, mwanamke anayesoma taarifa ya habari katika chumba kitupu, sauti aliyoijua kama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Akajaribu hizi, akajaribu zile. Nyingi zilimnenepesha yule mwanamke, nyingine zikampa mafua. Za mwisho zilikuwa nyeusi, nzito, hazina pambo lolote. Mito yake ilikuwa ya ngozi bandia inayounguza masikio, na sauti nene zilikuwa hafifu, lakini kati ya zote ndizo zilizodanganya kidogo zaidi. Akaangalia kama mito inachomoka na kama skrubu zinafunguka. Akazichukua, muuza duka akimtazama kama mtu aliyekwenda sokoni akanunua gunzi.

Nyumbani alizitengeneza upya. Aliivua ile mito na kuweka ya kitambaa, minene. Aliziba baadhi ya vitundu vya nyuma kwa tepu ili sauti nene zipate mwili. Ndani ya kila kikombe kinachofunika sikio, nyuma ya ile spika ndogo, aliweka kipande cha sponji ili mlio usigonge plastiki na kurudi. Akasikiliza, akabandua tepu kidogo, akasikiliza tena, mpaka yule mwanamke wa taarifa akasimama katikati kabisa ya kichwa chake, na mafua hana. Tangu siku hiyo hakuna kazi aliyorudishiwa. Spika za mezani aliziuza. Jirani walikuwa wanalalamika, na hakuona tena haja yake.

Mpaka wiki iliyopita, upande wa kushoto ulipoanza kufifia.

Alianza na waya. Akaufungua, akaulehemu upya. Haukusaidia kitu. Akatoa sponji ya kushoto. Akabandua tepu yote ya upande huo. Akaondoa ule mto mnene na kurudisha mwembamba wa zamani ili spika ikaribie sikio. Kila akifanya jambo moja upande ule unanyanyuka kidogo, naye anashusha pumzi, kisha kesho yake unazama tena. Ndipo akawa anaupandisha kwenye kompyuta. Alimpandisha mume wa kwenye mchezo, akapandisha mlango unaofungwa upande wake, akapandisha na mvua inayonyesha nyuma yake. Mtayarishaji akarudisha. Masikio akafanya upya, mtayarishaji akarudisha tena.

Binti alichoka. Alizitupa hedifoni mezani, akasema fungua, vunja, kaanga, mimi simo.

Masikio akaziokota pale pale alipokuwa, upande ule wa meza asiokaa kamwe, akaziweka kichwani akiwa amesimama, akainama mbele kubonyeza kitufe cha kuchezesha. Alitaka tu kumwonyesha mtoto mkaidi. Alitaka aseme, unaona, kushoto hakuna kitu.

Mume wa kwenye mchezo akamfokea sikio la kulia.

Masikio alibaki ameinama. Sauti ilikuwa kubwa, chafu, yenye kugonga, sauti ya kikombe kisicho na sponji wala tepu. Na upande wa kushoto mke alikuwa ananong'ona kutoka mbali, kama yuko chini ya blanketi, nyuma ya mlango.

Alishusha macho. Waya ulikuwa unaning'inia bega la kulia.

Hedifoni za kazi zina waya mmoja, nao hutoka kikombe cha kushoto. Mtu akifundishwa kazi hiyo, jambo la kwanza mkono wake unaloshika ni hilo, waya kushoto, upite nyuma ya bega, usikuzuie mkono wa kulia. Baada ya muda hutazami tena. Masikio alikuwa amezivaa hivyo redioni, amezivaa hivyo nyumbani, usiku na mchana, miaka yote. Hajawahi hata siku moja kuzigeuza, na wiki nzima hii alipokuwa akizifungua na kuzifunga hakuwaza kuzigeuza, kama mtu asivyowaza kuvaa viatu kinyume ili ajue kama barabara ni mbaya.

Amezigeuza leo kwa hasira. Na ubovu haukuhama pamoja na kikombe. Umebaki palepale ulipokuwa.

Alizivua, akazivaa sawasawa. Kushoto hafifu. Akazigeuza. Kushoto hafifu. Kikombe cha kulia, ambacho hakukigusa tangu siku ya kwanza, kikombe kizima, kilikuwa juu ya sikio lake la kushoto na sauti yake ilikuwa hafifu vilevile.

"Mama?"

Alimwona binti akitikisa mdomo. Akazivua, akaziweka mezani polepole, akasema anakwenda bafuni.

Bafuni alifunga mlango na kutoa simu. Siku zote aliisikiliza kwa mkono wa kulia, sikio la kulia. Akapiga namba ya huduma, ile ya sauti ya mwanamke anayekwambia bonyeza moja, bonyeza mbili, akaihamishia kushoto. Mwanamke akatoweka. Kilichobaki ni mlio mwembamba, kama wa nyaya za umeme, ambao alikuwa ameusikia tangu wiki iliyopita akadhani ni wa friji. Wiki nzima amekuwa akiamka kuipiga friji kofi.

Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

Alikumbuka asubuhi aliyoamka sikio limeziba, akasema ni maji ya kuoga. Alitingisha kichwa, akarukaruka kwa mguu mmoja kama mtoto, akaliacha, kazi zilikuwa nyingi. Alimkumbuka na mtangazaji mmoja wa zamani, mzee wa vichekesho waliyemwita Kinanda. Naye sikio lilimziba ghafla hivi hivi. Akatia mafuta, akatia pamba, akasubiri msimu wake wa vichekesho uishe. Alipokwenda hospitali walimwambia kwamba kuna dawa, ila ilitakiwa aianze mapema, siku zile za mwanzo mwanzo, sasa wamjaribishie bahati. Bahati haikuja. Mwisho Kinanda alikuwa akikaa kwenye kona ya ukumbi, kila anayemsemesha anageuziwa upande mmoja wa uso, na watu wakachoka kumzunguka.

Leo ilikuwa Jumatano. Daktari wa masikio alikuja kwenye hospitali ya karibu Jumatano tu, na saa saba mchana alikuwa anafunga chumba chake na kwenda. Kipindi kinatakiwa saa tisa. Kukinyoosha kipindi kile kulihitaji mchana wote, mtu asinyanyuke kitini.

Alianza kupiga hesabu za mtu anayezama. Angeweza kufanya kazi kwa macho. Kwenye kioo cha kompyuta kila sauti ina mstari wa kijani unaopanda na kushuka. Angelinganisha mistari, kushoto na kulia, akatuma, akapata msimu unaofuata, kisha Jumatano ijayo akaenda hospitali akiwa na kazi mkononi. Mtu asijue. Akijua mmoja watajua wote, na nani atampa sauti azichanganye mtu asiyesikia? Hata yeye asingempa. Angemwonea huruma, angemnunulia soda, angempa kazi mwingine.

Aliiwaza Jumatano ijayo. Alimwaza Kinanda na kona yake. Akainama, akauma ncha ya khanga ili asisikike nje. Hakuwa mtu wa kulia. Alipofiwa alishughulika na maturubai na masufuria, na alipoachwa alibadilisha kitasa. Sasa alilia bila mpango wowote, akiwa amekalia ndoo, mkono mmoja umefunika sikio zima na mwingine umefunika bovu, akiondoa huu, akirudisha huu, kama kuna siku yatabadilishana.

Mlango ukagongwa. Alijua umegongwa kwa sababu ulitetemeka begani kwake. Kwa sikio asingejua ni huu au ni wa jirani.

Alipofungua, binti alikuwa amesimama na hedifoni shingoni, uso umemvimba kwa hasira iliyoanza kugeuka woga. Alisema amezivaa kinyume, kama alivyomwona mama amezivaa. Kelele imehama. Akizivaa sawa kelele iko kushoto, akizivaa kinyume iko kulia. Kwa hiyo kikombe ndicho kibovu, na aliyekiharibu ni...

Hakumalizia. Alikuwa mtoto wa Masikio, hakukosa akili.

"Kwako wewe imehama," mama alisema. "Kwangu haihami."

"Tangu lini?"

"Wiki iliyopita. Nilidhani maji." Akajifuta uso kwa khanga, mara moja, kwa nguvu, kama anafuta meza. "Hukuziangusha. Nilikusingizia."

Binti alianza kulia, mama akamwambia hakuna nafasi, wameshalia wa kutosha nyumba hii kwa asubuhi moja. Lakini mwenyewe hakuondoka mlangoni. Alikuwa ameshika mwimo wa mlango.

Binti ndiye aliyesema la kwanza la maana. Alisema mama aende hospitali sasa hivi, yeye atabaki na kipindi. Mama asimwambie mtayarishaji chochote. Kazi itakwenda kwa jina la mama kama kawaida, na hata baadaye, kama sikio halitarudi, yeye atakuwa sikio na mama atakuwa jina. Nani atajua?

Lilikuwa wazo zuri. Masikio aliligeuza kichwani, akaliona lilivyo zuri, akaliona na mahali linapopasukia. Mtayarishaji alikuwa na tabia ya kupiga simu huku anasikiliza, punguza hapa, ongeza mvua, huyu msogeze. Angepiga leo, yeye akiwa kwenye benchi la hospitali. Angepiga wiki ijayo, naye ajibu nini? Amuulize mtoto kwa ishara? Angeishi hivyo, akigeuza uso upande mmoja na kuchekea maneno asiyoyasikia, na binti akijifunza kusema uongo kila siku kwa sauti safi.

"Hapana," alisema. "Kinanda mmoja anatosha."

Binti hakujua Kinanda ni nani, na hakuelezwa. Mama alikuwa ameshatangulia chumbani.

Alishika bisibisi. "Nazifungua," alisema, na binti akamjibu haya zifungue, mimi nimeshahama. Walicheka kidogo, cheko la watu wenye kamasi. Masikio alifungua kikombe cha kushoto na kurudisha sponji mahali pake, akabandika tepu kwenye vitundu akitazama cha kulia kama mfano, akautoa mto mwembamba na kurudisha mnene. Vidole vilijua kazi. Kisha akamvalisha binti, akachezesha yule mwanamke wa taarifa, akamuuliza yuko wapi.

"Katikati. Anakwenda kushoto kidogo."

Akafungua, akaisukuma sponji ndani zaidi. "Sasa?"

"Katikati."

"Zigeuze. Waya kulia."

Binti akazigeuza. Akafumba macho. Masikio alimtazama usoni kama mtu anayesubiri kusomewa majibu.

"Bado katikati, mama."

Hapo ndipo ilipomuuma kweli. Kazi ya mikono yake ilikuwa sawa, hedifoni zilikuwa zinasema kweli tena, na yeye hakuweza kulijua hilo ila kwa kuambiwa.

Akakaa kitini kwake, akashika kipanya. Kila alichokipandisha wiki hiyo alikichagua, kipande kwa kipande, mume, mlango, mvua, hatua za miguu, akafuta kule kupandisha. Kompyuta ilimuuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo. Kipindi kikarudi kilivyokuwa kabla sikio halijaziba, kibichi, nusu ya kazi. Akanyanyuka, akamshika binti mabega na kumkalisha.

"Usikimbilie. Wewe una haraka, ndiyo kasoro yako. Mvua iweke mwisho. Mke asogee karibu pale anaposema amechoka, pale asinong'one, anamwambia mtu usoni. Ukifika nusu, zigeuze, usikilize tena."

"Akikataa kazi yangu?"

"Atakuwa ameisikia kwanza."

Akampigia mtayarishaji palepale, amesimama, simu sikio la kulia. Hakumpaka mafuta. Alimwambia makosa ya mara zote mbili ni yake, sikio lake la kushoto limeacha kusikia na hakulijua mpaka asubuhi hii. Anakwenda hospitali sasa. Kipindi anacho binti yake, amesomea kazi hiyo hiyo, na maagizo yote ampe yeye, kwa namba yake.

Masikio akasikia vizuri sana gari likipita nje ya dirisha la yule bwana na karatasi ikiwekwa chini.

"Dada, pole," alisema mtayarishaji mwishowe. "Lakini kazi nilikupa wewe, si binti yako. Msimu ujao siwezi kukuahidi kitu."

"Sijaomba ahadi. Nimeomba usikilize saa tisa."

Alikubali kusikiliza. Masikio hakumbembeleza zaidi. Alikata simu, akachukua pochi na kitambulisho, akavaa viatu bila kukaa. Nyuma yake binti alikuwa ameshazivaa hedifoni, waya kushoto, amefumba macho, na hakumwona akitoka.

Barabarani alitembea upande wa ukuta, kwa sababu pikipiki moja ilimpitia kushoto karibu imguse na hakuisikia ikija. Baada ya hapo akawa anageuka nyuma kila hatua chache, kama mwizi. Alipanda gari, akashuka, akavuka barabara mkono wake umeshika mkono wa mwanamke asiyemjua.

Hospitalini benchi la nje ya chumba cha masikio lilikuwa limejaa, na karani wa dirishani alikuwa anakusanya karatasi zake. Alimwambia, bila kuinua kichwa, kwamba orodha imefungwa, mama aje wiki ijayo.

"Wiki ijayo nitakuwa nimechelewa," Masikio alisema. "Sikio la kushoto halisikii. Lilikuwa linasikia, limezima ghafla, na siku zinakwenda. Mimi nakula kwa sikio hili."

Alikuwa amesema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Benchi zima liligeuka. Karani akainua kichwa, akamtazama, akatazama mlango wa daktari, akatazama saa ya ukutani.

Masikio hakusubiri amalize kutazama. Alikwenda mlangoni, akaugonga kwa kiganja, akaufungua mwenyewe na kuingia.